Mutu wa Labo na Uji ya Birayi

Mutu wa Labo hakuwezaka kuangalia kuku ikichinjwa. Naanzia hapo, kwa sababu njo pale batu ba hopitali bote balianziaka bakitaka kumucheka. Mutu mwenye kushinda siku muzima na damu ya bengine mu chupa, anainusa, anaizungusha, anaipima na chumvi, mais lakini ukishika kuku na kisu mbele yake, uso inakuwa sawa majivu na anatafuta ukuta ya kuegemea. Pasaka moja masista balimupa jogoo. Badala ya kuikula aliifunga kamba ku muguu, akaifuga mupaka ikakufa na uzee nyuma ya labo. Akaizika na jembe ya hopitali. Nikamuambia:

— Muganga, mafuta yote ile umeiachilia udongo?

Akajibu bila kucheka:

— Mama Uji, damu yenye imeshatoka naijua. Yenye iko inatoka, hapana.

Musiniulize alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani. Sikumuulizaka, na yeye hakusemaka. Alikuwa mutu wa mbali, wa upande ya muto mukubwa, na mu Kinande yetu alijua "wasingya" tu, asante, basi. Kama angejua zaidi kidogo juu yetu, pengine wifi yangu angezeeka sawa mimi. Nitafika pale. Naandika kwa sababu batu ba Butembo bangali banasema kama yeye njo aliuzisha bamama kwa barebeli. Mimi nilikuwa ku mulango ya hopitali ile siku, na sufuria yangu. Najua nani aliuzisha nani.

Kazi yangu ilikuwa uji. Asubui nilipanga mafiga yangu ku mulango ya hopitali, na bagonjwa, na bale benye kuleta bagonjwa, na binfirmiere, benye kuchunga bagonjwa, bote balipita kwangu. Mutu wa Labo alikunywa akisimama, bila sukari. Aliangaliaka ndani ya kikombe sawa polisi anaangalia mu valizi. Kisha anasema: "Haina bonge." Hiyo njo ilikuwa salamu yake. Jina yangu hakuuliza. Kila mutu alimuita kwa kazi yake: Mama Uji, Baba Mulango, Sista Sindano. Alisema majina inamuchanganya, mais ukimuonyesha chupa mbili za damu, atakuambia hii ni ya mutu mwenye kula mafuta mingi, hii ya mutu mwenye malaria ya zamani, na hii ya mama mwenye hajala tangu jana, mumupe kitu.

Dokta muzungu mwenye alimufundisha alienda mu ile mwaka ya uhuru, na valizi moja, bila kuaga hata mbwa yake. Ku hopitali kila mutu alikamata chake. Bengine balikamata matandiko, mumoja alikamata kiti ya dokta, mupishi alikamata sahani na mbwa. Yeye alikamata karatasi. Zilikuwa karatasi za Kifaransa zenye dokta alikuwa anasoma, juu ya damu ya bamama benye mimba mupya. Na alibaki na mashine ya kuzungusha na mukono, chupa nyembamba, na kitabu kubwa ya kuandikia. Hakuna mutu alimuambia aendelee. Hakuna mutu alimuambia aache. Akaendelea.

Alinielezeaka mara mingi, na miye nawaelezea vile nilisikia. Damu ukiiacha kimya inajigawanya. Nyekundu inashuka, na juu inabaki maji ya manjano. "Ngoja itulie," alisema, na alisemaka vile juu ya kila kitu: damu, mvua, ugomvi ya batu mbili ku mulango, hata uhuru. Mu ile maji ya manjano kuko vitu vinaitwa protini, namna mingi, kila moja na uzito yake. Ukiweka ile maji mu kitu laini na ukapitisha moto ya batri, vinatembea. Vyepesi vinafika mbele, vizito vinabaki nyuma, sawa bamama benye kutoka soko na mizigo. Kisha unapaka rangi, na pale kila namna ilisimama unaona mustari.

Sasa mwanamuke mwenye amekosa mwezi wake mara moja tu, hata bwana yake hajajua, mu damu yake mara mingi kunaonekana mustari moja zaidi. Nyembamba, sawa kivuli. Yeye alitaka vitu viwili. Alitaka kukamata kile kivuli, kukitenga na bingine vyote na chumvi ya labo, kukiosha, kukiweka peke yake mu chupa. Na alitaka kujua kama kivuli yenye inanenepa juma kwa juma inamaanisha tumbo itashika, na yenye inakonda inamaanisha itatoka.

— Ukijua, utafanya nini? nilimuuliza.

— Sitafanya kitu. Nitajua.

— Na mama wa batu?

— Yeye pia atajua. Ni vizuri kushinda kuchapwa gizani.

Alisema vile, mutu mukavu. Bamama balikuja kwake siku ya kwanza ya juma, na walipaswa kurudi juma yenye kufuata na yenye kufuata. Kulikuwa mwanamuke wa Kalunguta mwenye mimba ilitoka, akakaa kwao kulia, hakurudi. Alipokuja nyuma ya mwezi moja, Mutu wa Labo alimupokea na makelele: "Kwa nini hukuja? Sasa mustari yako imekatika katikati!" Mwanamuke akatoka akilia mara ya pili. Nilimuambia siku ile kama yeye ni jiwe. Mangaribi nikamuona anapanda kwa muguu njia ya Kalunguta na kilo ya sukari kwapani. Alifika, akatoa sukari, akasema pole, na kisha akaomba mukono yake juu ya kukamata damu. Huyo alikuwa vile. Sukari ilikuwa ya kweli, na sindano pia ilikuwa ya kweli.

Ile kitu laini ya kutembeza protini, karatasi za Kifaransa zilisema itoke mu birayi. Viazi, kama munavisema. Aliagiza birayi ku lori zenye kutoka Alimbongo, juu ya kule baridi birayi inashiba, ina unga mingi. Akaikwangua, akaikamua mu kitambaa, akaacha ile nyeupe itulie chini, akaikausha, akaitia asidi yake, akaiosha. Mupaka pale, sawa. Mais wakati ya kuipika na maji ya chumvi yake, mutu mwenye akili ile yote aliharibu. Ilijaa mabonge, ikapasuka, ikaungua chini. Nilisikia harufu kutoka ku mulango. Nikaingia mu labo bila kubisha.

— Muganga, nani alikufundisha kupika?

— Hapana mutu.

— Inaonekana. Sogea.

Nilimuonyesha. Unaanza na baridi. Unakoroga upande moja tu, hapana kurudisha mukono. Hapana kuacha hata kama mutu anakuita. Inakuwa nzito, inang'aa, na pale unaitoa. Akaimwanga mu sahani ya kioo ndefu, ikalala sawa maji ya ziwa asubui. Aliiangalia mupaka nikafikiri anataka kulia. Akasema: "Haina bonge." Tangu siku ile, miye mwanamuke wa darasa ya tatu, njo nilikuwa mupishi wa labo. Batoto bangu bananicheka nikisema. Bacheke. Kile kivuli, kama kilionekana wazi mu Butembo, kilionekana ndani ya uji yangu.

Batri zilitoka kwa Hadji. Huyo alikuwa Muislamu wa Beni, mwenye malori ya kupeleka chumvi na vitenge na kurudisha maharagi. Aliponea kwa Mutu wa Labo, na kisha hapo batri zake nzee zote alituletea. Kumi zilipangwa chini mu mustari, waya kutoka moja kwenda ingine. Hadji alisimamaka ku mulango na kofia yake nyeupe, anazihesabu.

— Muganga, batri kumi! Na lori iko wapi?

— Iko mu ile sahani.

— Inaenda mwendo gani?

— Vidole vine tangu asubui mupaka mangaribi.

— Basi ni barabara ya Lubero ile, Hadji anasema, na batu bote banakufa na kicheko.

Yeye peke yake hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya sahani, anahofia baiingilishie vumbi.

Sasa nifike kwangu. Niliolewa, na mimba ilitoka mara tatu mbele mutu hajaiona. Mama mukwe alisema hakukuwa mimba, kama nilikuwa na tumbo ya kudanganya. Alianza kuwaambia batu mu kyaghanda, pale baume banakaa jioni ku moto, kama mbuzi za mahari zirudi na miye nirudi kwetu. Hiyo njo ilikuwa musiba yangu: sikuwa na kitu ya kuonyesha. Batoto batatu balienda, na hata jina ya kufiwa sikupewa.

Na kulikuwa wifi yangu, dada ya bwana. Aliitwa Kavira, alikaa Vulamba. Alizaa sita, na hata moja haikutoka. Mwanamuke munene, mwenye sauti ya soko. Alipita ku sufuria yangu akasema mbele ya batu: "Wifi yangu anapikia uji batoto ba muji muzima, wa kwake njo hayuko wa kuonja." Batu banacheka. Mais kama nililala na damu, huyu huyu Kavira alikuja kunichotea maji, kunifulia, bila neno. Nilimuchukia na nilimuhitaji. Kila mutu ako na wifi anajua.

Mu ile mwaka ya barebeli, mwezi wangu ulikosa tena. Sikumuambia mutu. Kwetu mimba mupya haitajwi. Ukiitaja, jicho mubaya inajua mulango yake. Na kama muganga analazimisha jina, sisi bamama tulikuwa na akili yetu: unatoa jina ya mwanamuke mwingine mwenye tumbo ya nguvu, mwenye amezaa sana, unayemujua, muzima. Jicho ikifuata, ifuate kwake, huyo haitamuweza. Na pengine nguvu yake itakurudilia kidogo. Haikuwa kwa ubaya. Ilikuwa sawa kuazima shuka.

Nikakaa mbele ya Mutu wa Labo, nikatoa mukono. Akachukua kitabu.

— Jina?

— Kavira. Wa Vulamba.

Akaandika. Alikuwa ananiona kila asubui miaka ile yote, na aliandika bila kupandisha macho.

Juma ya kwanza, kivuli kilikuwa kama pumzi ku kioo. Ya pili, kilinenepa. Ya tatu, nilipika uji ya birayi miye mwenyewe, na damu yangu ikatembea ndani, na alipopaka rangi mustari ilisimama wazi, mwanamuke mwenye hakusoma angeiona. Nikaiona. Alinishika bega, yeye mwenye hakugusaka mutu bila sindano.

— Mama Uji, mara hii inashika.

Siku ile ile, sista mumoja alipita ku dirisha akaniita: "Masika! Uji inaungua kule!" Masika njo jina yangu. Mutu wa Labo akainua kichwa, akaniangalia, akarudi ku kazi yake. Kisha akasema chini chini, sawa mutu anajisemea:

— Kumbe majina yote ni ya uongo. Kitabu muzima.

— Majina tu, Muganga. Damu ni ya kweli.

— Kwetu pia bamama banafanya vile, alisema. Banajitungia jina.

Ningepaswa kumukatiza pale. Ningepaswa kusema: Muganga, hatujitungii, tunaazima, kila jina mu kitabu yako iko na nyumba na mulango na mwanamuke ndani. Sikusema. Niliona ni neno ya bure. Nikaenda kuokoa uji yangu.

Barebeli bakafika. Balishaingia Beni mbele, na Hadji alitutumia habari tukimbie, mais ukimbie wapi na sufuria. Balikuwa na majani ku kichwa na ngozi ku mukono, na ile maji yao yenye inageuza risasi. Maji ile ilikuwa na mwiko: mbele ya vita hapana kugusa mwanamuke, hapana kugusa kitu yenye imetoka ndani ya mwanamuke, na mubaya kushinda yote, damu yake. Ukigusa, maji inakataa na risasi inaingia. Majuma ile balikuwa bamepigwa mu barabara, benzao banne balikufa. Balikuwa banatafuta sababu.

Balifungua hopitali asubui, jua inawaka. Bakatafuta dawa. Bakafika ku labo. Miye niko ku mulango, naona yote.

— Fungua kabati! Hii chupa ni ya nini?

— Ni maji ya damu, Mutu wa Labo anasema.

— Damu ya nani?

— Ya bamama.

Kijana mwenye alikuwa ameishika aliitupa, akapiga kelele "Mama ee, nimekufa!" na akatoka ku dirisha. Bengine bakamufuata, hata mulango hawakuiona. Mungu anisamehe, nilicheka. Batu bote tulicheka. Ni mara ya mwisho nilimusikia mutu kucheka mu ile kiwanja.

Komanda wao hakuingia. Alisimama mbali, akaamuru atoke nje na kitabu yake. Hakuonekana mutu mwenye kasirani. Alionekana mutu mwenye amepona, juu sasa alikuwa na sababu.

— Batu bangu banne. Nilijiuliza nani alitufungia maji. Kumbe bamama ba hapa banaweka damu mu chupa, ku kabati, tulale juu yake.

— Komanda, ngoja itulie nikuelezee.

Balimupiga na kitako ya bunduki ku mudomo. Akaanguka, akaamuka. Komanda akasema:

— Soma majina. Moja moja. Na mahali banakaa.

Akafungua kitabu. Damu yake ilianguka ku karatasi, na nilimuona anaipangusa na mukono haraka, sawa vile alifanyaka na vumbi. Akasoma. Alisoma na nguvu, sauti wazi, sawa catéchiste ku kanisa. Hiyo njo kitu batu hawamusamehe mupaka leo: hakutetemeka. Masista banalia ku veranda na yeye anasoma. Jina na kartie, jina na kartie.

Kisha akaacha kusoma. Akapandisha macho, akayaleta ku mulango, kwangu. Aliniangalia muda ya kumeza mate. Nilijua jina gani inafuata.

Sasa nisikizeni. Ningesema neno moja. Ningesema: "Ile damu ni yangu." Mulango ilikuwa wazi, batu bote banasikia. Nilikuwa na mimba ya majuma saba, mutu moja tu mu dunia aliijua, na alikuwa ananiangalia. Nilidhani ananingoja. Nilidhani macho yake inasema: sema weye, nisiseme miye. Niliinamisha kichwa. Nikakoroga. Upande moja, hapana kurudisha mukono.

— Endelea! komanda akasema.

— Kavira. Wa Vulamba.

Majina ilikuwa kumi na moja. Bengine balishakimbia ku mashamba. Banne balipatikana. Kavira alikuwa mu kiwanja yake anachambua maharagi, mutoto wa mwisho ku mugongo. Majirani banasema aliuliza mara moja tu: "Damu gani? Miye sijaendaka labo." Balimuacha amupe jirani mutoto. Tulimuona kesho yake ku barabara ya Beni, yeye na bale batatu. Sitaandika namna gani.

Mutu wa Labo balimulazimisha kumwanga chupa zote yeye mwenyewe na mikono yake, na ile kachupa kadogo pia, yenye ndani yake alikuwa ametenga kivuli: unga mweupe wa kuenea ku ncha ya kisu, kazi ya miezi na miezi. Kitabu, komanda alimurudishia ku kifua. Aliogopa kulala nayo. Kisha balimubeba akawatibie batu bao upande ya Beni, na Butembo hakurudi tena. Jina ya muuzaji wa bamama njo ilibaki ku nyumba yake. Na miye niliisema pia, sawa bengine. Nilisema ku soko, nilisema ku kanisa, nilisema na sauti kushinda bote.

Mimba ilishika. Nilizaa kijana. Mutoto wa Kavira, ule wa mugongo, nilimuchukua. Alinyonya ku kifua moja na mwana wangu, huyu huku, huyu kule. Mama mukwe alisema nina moyo muzuri. Nilikula ile neno sawa mutu anakula muchanga.

Miaka ikaenda. Kijana akanizalia bajukuu, na bengine bakanizalia bengine, niko nao ishirini na tatu, na mumoja anafanya kazi mu labo hapa mujini, na blouse nyeupe. Siku moja aliniletea kipande cha plastiki, ndogo sawa kiberiti.

— Mukaka, aliniambia, juu njo vile batoto ba kwetu banaita nyanya yao, hii inatafuta protini mu mama mwenye mimba mupya. Dakika tano, mustari inatokea.

— Naijua, nilimuambia. Moja ya ndugu zake nilimupikiaka uji.

Alicheka, alifikiri nazeeka. Miye usiku ile nilijua nitaenda.

Ilikuwa wakati ya barebeli bengine, bale benye majina ya herufi tupu, mupaka sisi tusiosoma sana tulijifunza alfabeti. Barabara ya Beni ilikuwa na vizuizi, ku kila kamba unashuka unaonyesha karatasi. Kijana wa Hadji, mwenye alirithi malori, aliniambia mutu ule angali muzima, kwamba baba yake alimuachia chumba nyuma ya garaji, anauzisha dawa za kikohozi. Nikamukuta amekaa, jicho moja imekuwa nyeupe. Nikasema hodi. Hata hakugeuka.

— Mama Uji. Ingia.

Nilisimama. Nilikuwa nimepanga maneno barabara yote, na ilitoka moja tu:

— Ile siku uliniangalia. Ulikuwa unaningoja niseme?

Akashangaa. Nilimuona kweli anashangaa.

— Kusema nini? Nilikukonyeza. Uso ilikuwa imevimba, pengine hukuona. Majina ilikuwa ya uongo, hukumbuki? Nilikuwa nawasomea upepo. Nilisoma na nguvu juu waandike vizuri, waende watafute batu benye hawako, na bamama ba kweli bapate siku ya kukimbia. Nilifikiri weye na miye tunabadanganya pamoja.

Mukono yake ilitafuta ukuta.

— Kisha mangaribi balipita na bale banne mbele ya gari yenye nilikuwa nimefungiwa, na banawaita na majina ya kitabu yangu.

Miaka yote ile nilikuwa nimebeba macho yake sawa hukumu, na ilikuwa macho ya mutu anakutia nguvu. Yeye hakujua kama Kavira ako na mulango. Miye nilijua. Mu kiwanja muzima ile asubui, miye peke yangu nilijua.

— Kavira alikuwa nani? aliniuliza.

— Wifi yangu.

— Alikuwa na batoto?

— Sita.

Aliinamisha kichwa mupaka nikafikiri amesinzia. Kisha akaamuka, akavuta sanduku chini ya kitanda, akatoa kitabu. Ile ile. Alama ya damu ya mudomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Akafungua pale kidole yake ilijua. Kavira, Vulamba. Juma ya tano, ya sita, ya saba, na kila moja kamustari kamechorwa, kanene kushinda kenzake. Na ku mwisho, pale panaandikwa tumbo ilifika wapi, peupe.

— Sikujuaka, alisema, na sauti yake ilikuwa ya zamani ile, ya kiburi na haya pamoja. Ilishika?

Mutu huyu. Nilitaka kumupiga, na nilitaka kumupikia. Nikasema:

— Ilishika. Ni kijana. Ako na batoto saba.

Akachukua kalamu. Akaandika polepole mu pale peupe: kijana, muzima. Kisha akageuza kalamu upande ya jina.

— Sasa nitoe hii ya uongo, niandike ya kweli. Ni Masika, hapana? Nilisikiaka ku dirisha.

Nilimushika mukono.

— Acha vile.

— Mais Mama Uji, kitabu itabaki na kosa.

— Ibaki nayo.

Aliniangalia na ile jicho moja, akafunga kitabu. Mwaka haukuisha, kijana wa Hadji akanitumia habari kama amemuzika, na kitabu chini ya kichwa yake, vile aliomba. Batu ba hapa baliposikia balisema, muuzaji wa bamama amekufa, Mungu ni mukubwa. Nilisimama ku soko nikawaambia ni nani alikaa kimya. Bengine bananiamini, bengine banasema ni uzee.

Mu ile kitabu, chini ya udongo ya Beni, mwana wangu wa kwanza mama yake ni Kavira wa Vulamba.